Nta Nyeusi kwenye Redio ya Padre

Nimefunga karakana mwezi uliopita. Benchi amelichukua Rehema, anatengeneza simu. Yeye na wenzake wanne wa pale stendi ya Kasulu ndio walionishikilia niandike jinsi kazi ilivyokuwa enzi za valvu. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba asinirekebishe mtu. Shule niliishia darasa la tatu kule Kitanga, mengine yote nimefundishwa na umeme wenyewe. Mkiona sentensi imepinda, ipiteni hivyohivyo ilivyopinda.

Vyeo havimo humu kwa sababu sikuwahi kuwa na cheo. Nitaeleza siku ya kwanza, bisibisi moja ya pembe, na kazi moja ya Kibondo ambayo sijawahi kumsimulia mtu. Wengi mmezoea kunisikia nikijisifu. Nitajisifu na humu, ila kuna mahali nitanyamaza, mtapaona.

Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo inaanza. Nilikuja Kasulu mjini na lori la chumvi ya Uvinza, kazi yangu kushusha magunia. Gunia la tatu nililipeleka kwa Mzee Sefu. Huyu alikuwa mtu wa Tanga, aliyekuja huku bara na kasha la valvu na mke mmoja, akafungua duka: mbele vitenge, nyuma redio. Nilisimama kwenye mlango wa nyuma na gunia begani, nikaona redio imevuliwa kifuniko, vichupa vya kioo, ndizo valvu, vinawaka rangi ya kaa la moto, na humo ndani mtu anasoma habari. Gunia nililisahau begani.

“Wewe,” akasema Mzee Sefu bila kugeuka, “umekuja kushusha chumvi au kuposa?”

“Nataka kujua kilichomo.”

“Kilichomo ni kifo, volti mia mbili na hamsini. Kaa hapo. Mkono wa kushoto utie mfukoni, na usiutoe mpaka nikwambie.”

Mkono mmoja mfukoni ndiyo sheria ya kwanza ya valvu, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Niliishika sheria hiyo kama saa nzima. Kisha nzi alinitua usoni, nikamfukuza kwa mkono ule wa mfukoni huku wa kulia uko ndani ya redio. Nilijikuta nimekaa juu ya majora ya vitenge, mdomo una ladha ya msumari. Mzee Sefu hakuinuka kitini.

“Sasa umeandikishwa,” alisema.

Lori liliondoka bila mimi.

Kasulu ya wakati huo umeme haukuwepo; Mzee Sefu alitumia jenereta. Watu wa kawaida walikuwa na redio za betri kavu, na hizo nilijifunza kwa miezi michache. Valvu zilikuwa za misheni, za maofisi, na za wachache wenye jenereta. Hizo ndizo zilizotenganisha fundi na mfungua skrubu. Nitawaeleza jambo moja tu la ufundi, lishikeni, kwa sababu kisa chote kimekaa hapo. Ndani ya redio kuna koili, yaani waya uliozungushwa kwenye kibomba chembamba kama kidole cha mwisho. Katikati ya koili kuna kipande cheusi kinachopanda na kushuka kama skrubu. Sisi tulikiita jiwe. Ukizungusha jiwe robo ya mzunguko, redio inahama kutoka kusikia vizuri kwenda kusikia vibaya, au kinyume chake. Huko ndiko kutuni.

Sasa, ukizungusha jiwe kwa bisibisi ya chuma, koili inakijua kile chuma. Unatuni mpaka unafurahi, unatoa bisibisi yako, na sauti inaondoka nayo. Ndiyo maana Mzee Sefu alikuwa na bisibisi ya pembe. Aliichonga mwenyewe kutoka pembe ya ng'ombe wa kwetu, wale wenye pembe ndefu, akaisugua mpaka ikang'aa kama kaharabu. Aliivingirisha kwenye kipande cha kanga. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mpaka anawe mikono, na mimi nilinawa.

Sheria ya pili ilikuwa nta. Ukimaliza kutuni, jiwe linaweza kuhama kwa mtikisiko wa basi tu. Kwa hiyo unadondosha tone la nta juu yake, linaganda, basi. Mzee Sefu alisema fundi akiacha jiwe bila nta ameacha mlango wazi na mwizi ndani. Kila jiwe, kila siku, nta. Yeye alitumia nta ya dukani. Mimi nilikuwa na kaka, Ntahondi, aliyetundika mizinga kwenye pori la Kibondo, basi nilitumia nta yake. Ilikuwa nyeusi karibu kama lami, kwa sababu aliichemsha na masega ya zamani, na ilinukia asali hata baada ya miaka. Mtu akifungua redio kuanzia Muyama mpaka Mabamba na kukuta tone jeusi lenye harufu ya asali, alijua mkono wangu umepita. Nilijivunia tone hilo kuliko jina langu.

Siku moja Mzee Sefu alishikilia bisibisi ya pembe mbele ya macho, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akapumua. “Macho yananiaga,” alisema. “Yakishaondoka kabisa, hii itakuwa ya fundi.”

Hakusema itakuwa yako. Alisema ya fundi. Nililala na neno hilo miaka miwili, na sikuona tofauti kubwa, kwa kuwa fundi mwingine hakuwepo.

Ndipo akaja Nestori.

Alivukia mpaka wa Mabamba na mke na watoto wawili, wakati wengi walipovuka kutoka Burundi. Wenzake walibeba magodoro. Yeye alibeba testa ya kupimia umeme ndani ya sanduku la mbao na madaftari matano yaliyojaa michoro. Alikuwa amesoma shule ya ufundi kwao, kwa Kifaransa. Alianza na meza moja kwenye baraza la fundi cherehani Kibondo mjini, na haukupita msimu mmoja wa maharage kabla sijaanza kuona watu wa Kasulu, watu wangu, wakipanda basi na redio mapajani kama wanampeleka mtoto kliniki. Kutoka Kasulu mpaka Kibondo! Barabara ile ilikuwa inatoa meno.

Sikumwita fundi. Nilimwita yule wa ng'ambo. Mteja akiniambia “fundi Nestori,” nilimjibu, “nani?” mpaka anyamaze.

Mnajua wivu unavyokaa? Mimi wangu ulikaa mkononi. Nilikuwa nachomea waya kwa risasi, nikimkumbuka yeye na testa yake, risasi inadondoka pasipotakiwa. Nilitafuta kasoro katika kazi zake. Redio iliyopita kwake ikija kwangu kwa jambo lingine, niliichungulia yote, nikitamani nikute waya mmoja umelegea. Sikukuta. Viungo vyake viling'aa kama macho ya samaki. Alifunga mawe kwa nta ya mshumaa, nyeupe, tone dogo safi. Hata tone lake lilinichukiza kwa usafi.

Kilichoniumiza zaidi ni Mzee Sefu. Alikwenda Kibondo kununua mahindi, akapita kumtazama. Aliporudi alikaa kitini, akavua kofia, akasema, “Yule mtu ana mkono.” Miaka yote niliyokaa naye hakuwahi kuniambia nina mkono. Aliwahi kuniambia nina kichwa kigumu.

Sasa kazi yenyewe. Nje kidogo ya Kibondo palikuwa na misheni. Alikuwepo Bruda Gaspari, Mzungu mrefu aliyependa mitambo kuliko kula, na Padre mmoja mzee sana, aliyeanzisha kwaya ya hapo tangu watu hawajui noti ni nini. Padre alikuwa hashuki tena kitandani, na macho yalikuwa yameshazima. Kitu alichobaki nacho ni masikio, na alichokitaka ni kimoja: kuisikia kwaya yake Jumapili ya Pasaka, kabla hajafa. Alisema hivyo waziwazi, bila kuzunguka. Daktari naye alisema hatamaliza masika.

Kutoka kanisani mpaka chumbani kwake ni uwanja mpana na bustani ya kahawa. Nilimuuliza Bruda kwa nini asivute waya tu. Akasema walivuta, mwaka uliotangulia, na watu wakakata vipande wakafungia mbuzi. Basi akaomba ruhusa, akaunda mtambo mdogo wa kurusha mawimbi ya FM, ambao haukufika hata sokoni, na kutoka kwao akaletewa tuna, yaani redio isiyo na spika yake, ya valvu, ya FM, ya stereo, imetumika miaka mingi. Msichanganyikiwe. Stereo ni sauti mbili katika wimbi moja, ya kushoto na ya kulia. Katika kanisa lile, kama makanisa mengi ya kwetu, wanawake walikaa kushoto na wanaume kulia, hata kwaya iligawanyika hivyo. Bruda aliweka maiki moja huku na moja kule. Padre angelala katikati ya spika mbili, wanawake wake mkono huu, wanaume wake mkono ule, kama enzi anaongoza.

Niliitwa mimi kwanza. Redio za misheni zilikuwa zangu siku zote. Nilifika Jumatatu ya wiki ile kuu, nikapewa chumba cha wageni. Tuna ilikuwa imetikisika melini na barabarani, mawe yamehama. Nilibadilisha valvu mbili na kapasita iliyovimba, kisha nikaanza kutuni kama nilivyofundishwa: unazungusha jiwe mpaka sauti iwe kubwa kabisa, unafunga nta, unakwenda la pili. Siku tatu. Sauti ilitoka kubwa, safi, na kataa ka stereo, taa ndogo kwenye uso wa tuna, kakawaka kekundu. Nilimwita Bruda kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Wanakwaya walikuwa mazoezini. Padre alisikiliza, mkono juu ya shuka.

“Nasikia watu wengi,” alisema polepole. “Ni wazuri. Lakini wamesimama wote mahali pamoja, kama wamejikinga mvua. Wanawake wangu wako wapi?”

Nilirudi kwenye mawe. Nilizungusha hili, nikazungusha lile, sauti zilibaki zimekorogana kama uji. Kataa kekundu kakawa kananicheka. Jumatano jioni Bruda akaniambia, kwa upole ulioniuma kama kofi, “Nimemwomba Nestori aje atusaidie.”

Alikuja Alhamisi asubuhi kwa baiskeli, sanduku la testa limefungwa nyuma kwa mpira. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Amahoro, mukuru.” Amahoro ni salamu yao, amani; mukuru ni neno lao na letu, mtu anamwambia kaka mkubwa. Hakuwa mdogo kwangu hata kwa mwaka. “Padoni kwa kuingilia. Nionyeshe ulipofika, nisiharibu.”

Nilimwonyesha. Nilitamani aharibu. Aliangalia matone yangu meusi moja moja, akatikisa kichwa taratibu.

“Umeyakaza yote kwenye ncha moja,” alisema. “Kwa redio ya sauti moja, hiyo ni kazi ya kusifiwa. Lakini hapa mlango umekuwa mwembamba. Sauti moja inapita. Zikija mbili zinabanana mlangoni, zinaingia zimeshikana.”

Akalegeza mawe yangu, kila moja kidogo tu. Kisha akafika kwenye koili moja ndogo ya pembeni, ile inayoiambia tuna lipi ni la kushoto na lipi la kulia. Hapo akasema anahitaji mtu wa kuimba peke yake upande wa wanawake, katika kanisa tupu. Akaitwa Mama Bernadeta, kiongozi wa sauti ya kwanza, mama mnene mwenye sauti ya kupasua mabua. Katekista akasimama mlangoni pa nyumba kupeleka maneno kanisani kwa kupaza sauti.

“Niimbe nini peke yangu humu?” tulimsikia kwenye spika. “Watasema nimeingiliwa na wazimu.”

“Mwambie aimbe chochote, asinyamaze tu!” Nestori akamwambia katekista.

“Mpaka saa ngapi?”

“Mpaka nisimsikie tena kwenye spika ya kulia!”

“Yaani mnanitoa shambani nije niimbe ili msinisikie?”

Padre alicheka mpaka akakohoa. Mama Bernadeta akaimba. Nestori akapiga magoti kwenye mlango wa kati, tuna upande huu chumba cha mitambo, upande ule kwa Padre spika ya kulia, ile ambayo si ya wanawake, akaweka sikio, mkono mmoja kwenye jiwe. Mimi ningetafuta mahali mama anasikika sana kushoto. Yeye alitafuta mahali anapotea kulia. Sauti ya yule mama ikapungua katika ile spika, ikawa kama ya mtu wa chumba cha pili, ikawa kama ya mtu wa ng'ambo ya mto, ikaisha. Kushoto alibaki mzima, amesimama pale chumbani na kanga yake.

“Bernadeta,” Padre akasema, akageuza uso kushoto kabisa. Machozi yakamtoka.

Nestori akafunga jiwe kwa tone jeupe la mshumaa wa kanisani.

Mafundi vijana, andikeni hili ukutani: mkiwa na stereo msitafute penye kelele, tafuteni penye kimya. Nimelitumia maisha yangu yote. Nimewafundisha wengi, na kila nilipofundisha nilisema “mimi nilivyogundua.” Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema.

Jumamosi Mzee Sefu alifika kwa lori la mahindi, kuja kuona mtambo. Yeye Mwislamu, Pasaka haikumhusu, lakini koili zilimhusu. Kwenye mfuko wa shati niliona kipande kile cha kanga. Alikuwa ameileta bisibisi ya pembe. Hakuwahi kuitoa dukani.

“Macho yameshaondoka,” aliniambia, akiwa ameketi kwenye ukingo wa baraza. “Kesho nikisikia, nitajua ya nani.”

Kwa hiyo nilijua ni ya Nestori. Mchana ule ule wote walikwenda kula. Mimi nilibaki chumba cha mitambo, kilichopakana na cha Padre, nikikusanya vitu vyangu. Tuna ilikuwa mezani, skrubu nne tu za kifuniko. Nilijiambia nataka kuona tu jinsi alivyofanya. Nilifungua. Tone lake jeupe likanitazama. Nililikwangua kwa ukucha, nikazungusha jiwe nusu mzunguko, nikafunga kifuniko, nikaenda kula ugali na wenzangu. Nilikula vizuri. Nestori ndiye aliyenipakulia mboga.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Sisi tulikuwa chumbani kwa Padre: Bruda, Mzee Sefu, Nestori na mimi. Walimvalisha Padre stola yake kitandani. Jenereta ikanguruma, kataa kekundu kakawaka, kwaya ikaanza.

Uji. Wote mahali pamoja, wamejikinga mvua.

Padre alisubiri kidogo, akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, kama mtu anayepapasa fimbo yake gizani. “Wamechanganyika tena,” alisema. Hakulalamika, na ningependa angelalamika.

Bruda alimtazama Nestori. Mzee Sefu hakumtazama mtu, alikuwa anasikiliza tu. Nestori akaenda chumba cha mitambo, mimi nikamfuata, sijui kwa nini, miguu ilikwenda yenyewe. Bruda na Mzee Sefu wakaja nyuma. Nestori akaondoa kifuniko.

Hapo ndipo nilipoona. Juu ya jiwe la koili ile ndogo palikuwa na tone. Lilikuwa jeusi.

Nilikuwa nimefunga nta. Sikukumbuka kuifunga, na mpaka leo sikumbuki. Mkono ulikuwa umeharibu kazi ya mtu, kisha ukafanya kama ulivyofundishwa, ukatoa kipande mfukoni, ukakipasha kwa kiberiti, ukadondosha. Kila jiwe, kila siku, nta. Mwizi aliingia, akaiba, akafunga mlango kwa ufunguo wake na kuuacha ukining'inia.

Nestori aliinama, pua karibu na koili. Alinusa. Alikaa ameinama muda ambao mimi nauona mrefu kuliko miaka yote niliyoishi. Nilisubiri aseme. Nilikuwa nimeshatayarisha matusi.

“Nini?” Bruda akauliza.

“Joto, Bruda,” alisema Nestori. “Nta ya mshumaa haifai karibu na valvu. Imeyeyuka, jiwe likahama. Kosa langu.” Akasimama, akanigeukia, akanyoosha kiganja. “Nta ya fundi wa Kasulu ndiyo inayostahimili. Mukuru, nipe nta yako.”

Aliniita fundi mbele yao. Mimi niliyekataa neno hilo lisimguse, alinipa mimi. Nilitoa kile kipande mfukoni, kilikuwa cha vuguvugu kwa joto la paja langu.

“Na nitahitaji bisibisi isiyo chuma,” akasema. “Yangu imebaki nyumbani.”

Mzee Sefu alitoa kanga mfukoni, akaifungua, akampa. Nestori alitazama mikono yake, akaenda kwenye beseni, akanawa kwanza. Hakuna aliyemwambia.

Wanawake walikuwa wanaimba ubeti wao peke yao. Alipiga magoti pale mlangoni tena, akatega sikio spika ya kulia, akazungusha ile pembe pole pole mpaka wanawake wakapotea humo. Kisha wanaume wakapokea, na walipokea kutoka upande wao. Kutoka chumba cha pili tulimsikia Padre ameanza kupiga mapigo kwa kidole kwenye ukingo wa kitanda, kushoto, kulia, kushoto, akiwaingiza kila kundi kwa wakati wake, na walimfuata kana kwamba wanamwona. Nestori akadondosha tone jeusi juu ya jiwe. Akaendelea na mawe mengine yote, moja baada ya moja, nyeusi, nyeusi, nyeusi, hata yale ambayo hayakuwa na shida, mpaka hakuna ambaye angejua lipi lilitangulia.

Alipomrudishia Mzee Sefu bisibisi, mzee hakunyoosha mkono. “Ivingirishe kwenye kanga yake,” alisema. “Ukiiweka wazi inapasuka.” Ndivyo alivyompa. Maneno yalikuwa hayo tu.

Padre alizikwa kabla mvua hazijakatika.

Siku ileile ya Pasaka tulirudi Kasulu mimi na Mzee Sefu juu ya lori moja, tumekaa kwenye magunia. Karibu na Makere akaniuliza.

“Jana mchana. Ulifunga nta?”

Hakuuliza nilifanya nini. Nikasema, “Ndiyo, mzee.”

Aligeuzia uso barabara inayokimbia nyuma yetu. “Angalau hilo nilikufundisha vizuri.”

Mmeniuliza mara nyingi kwa nini sikuwahi kujigamba kwamba nilirithi bisibisi ya Mzee Sefu. Jibu ni hilo.

Baadaye kaka yangu Ntahondi akaniambia ana mteja mpya wa nta. “Yule Mrundi wa redio. Anataka ile nyeusi tu, ile chafu unayotumia wewe.” Nilipandwa na hasira. Nilidhani ananidhihaki, anataka kila nikifungua redio nikutane na aibu yangu. Nilikaa na hasira hiyo miezi. Kisha siku moja nikiwa nachomea waya nikaelewa. Alikuwa amemwambia Bruda uongo kwamba nta ya mshumaa haifai. Bruda angeweza kupita kwake siku yoyote, akafungua redio yoyote, akakuta tone jeupe, akaanza kujiuliza. Basi akaugeuza uongo wake kuwa kweli, kwa kuuishi, kila jiwe, kila siku, kwa ajili ya mtu aliyemharibia kazi.

Nilichukua donge zima la nta, kubwa kama kichwa cha mtoto, nikapanda basi mpaka Kibondo. Nilikuwa na maneno kichwani. Nilipofika barazani kwake yalikuwa yamebaki njiani.

“Amahoro, mukuru. Ya kuuza?”

“Si ya kuuza.”

Alilitazama donge, akanitazama mimi, akalipokea kwa mikono miwili. “Kaa, unywe chai,” alisema. Nilikunywa. Tuliongea habari za valvu ambazo zinaanza kuadimika. Niliona bisibisi ya pembe mezani, ndani ya kanga yake, na wivu ulinipanda palepale, chai mdomoni. Nilimwonea wivu kwa mkono wake, kwa madaftari yake, na sasa hata kwa wema wake, kwa sababu huo nao alinizidi. Nestori amekwisha kufa, Mungu amrehemu, kazikwa hukohuko Kibondo, raia wa hapa kama mimi. Wivu wenyewe haujafa. Naandika nao.

Siku ya mwisho kabla sijamwachia Rehema benchi, mama mmoja wa Mabamba aliniletea redio ya baba yake, ya valvu, haijawashwa miaka. Niliifungua. Kila jiwe lilikuwa na tone jeusi. Nikainama nikanusa, asali ilikuwepo bado. Nilitazama kwa miwani, nikatazama bila miwani. Viungo viling'aa. Inawezekana ilikuwa kazi yangu, na mimi nilikuwa na siku zangu nzuri.

“Aliitengeneza nani hii?” Rehema akauliza, amesimama begani kwangu. “Ni wewe, babu? Nta si ndiyo yako hii?”

Mama wa Mabamba naye alikuwa anasubiri jibu. Ningesema ndiyo, nani angenipinga?

“Hapana,” nikasema. “Hii ni ya fundi Nestori.”

Nikarudisha kifuniko bila kugusa jiwe hata moja.